Salha na Kioo cha Tajiri Harithi

Katika mji wa Marijani, enzi za Sultani Ghalibu bin Mudhafari, aliishi mtarizi wa hariri aitwaye Salha binti Nasibu, mchumba wa Nadhiri mfua shaba, na chumba chake kilijaa mwanga laini wenye rangi ya asali. Asubuhi moja tajiri Harithi alipita barazani kwake na rafiki zake, akaisifu alama nyeusi iliyo chini ya bega la Salha, na wimbo anaouimba akioga, kisha akaenda zake akicheka.

Tangu hapo Salha akaziba kila tundu, akaoga na nguo zake, akaahirisha harusi. Na kila alipofumba macho aliona macho mengine yakielea darini kama samaki katika maji ya kijani.

Aliposikia kwamba Harithi ana kioo chenye jini, kionyeshacho ndani ya nyumba yoyote, alikwenda kushtaki mbele ya Sultani na kadhi wake. Harithi hakukana. Alisema hakuvunja mlango, hakugusa mtu, wala hakuchukua kitu. Kadhi akapekua vitabu vyake, akakiri kwamba kosa hilo halimo sheriani.

Sultani akaagiza kioo kiletwe, akataka kimwonyeshe nyumba moja tu, apate kuamini. Kioo kikajaa ukungu wa fedha, na chumba cha mtu kikaanza kujitokeza polepole. Salha akavua mtandio wake mbele ya kaumu nzima, akakifunika.

“Maulana,” akasema, “humo yumo mtu asiyejua kwamba anatazamwa. Ukimtazama na wewe, nimshtaki nani kwa nani?”

Ndipo jini Kabisuri akanena kutoka chini ya kitambaa, akashuhudia kwamba Harithi alimtazama Salha asubuhi arubaini, na kwamba kwa miaka mia tatu ya utumwa wake hapakuwa na aliyewahi kumfunika apate kupumzika.

Sultani akainamisha kichwa kwa haya, akaamuru iandikwe: “Atakayemchungulia mtu katika faragha yake bila ridhaa yake ametenda jinai, hata asipogusa kitu.”

Na kwa kuwa sheria mpya haihukumu ya jana, Harithi alinyang’anywa kioo tu, akasomewa amri ile. Hakumaliza mwezi, alikamatwa juu ya ukuta wa jirani akichungulia, akafungwa miaka mitatu.

Kioo kikavunjwa, na Kabisuri akapaa kama moshi wa udi, akimwachia Salha kasha la lulu. Nadhiri akamwoa kwa sherehe ya siku saba, wakaishi kwa neema. Basi aliyeyasikia haya na ajue kwamba mwili wa mtu ni milki yake, na heshima yake huweza kuvunjwa huku mlango ukibaki mzima.