Kasuku Aliyelishwa Heshima

"Ndege huyu anakula nini?"

Swali hilo aliliuliza Bi Siwatu, na ukumbi mzima ukanyamaza. Paukwa, jamani! Nijibuni, msiwe kama wao.

Pakawa!

Zamani hizo, bibi zetu hawajazaliwa bado, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na jumbe, na barazani kwa jumbe palikuwa na kasuku. Kasuku mwenye sauti! Mgeni akitokea tu: "Karibu! Karibu!" Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: mgeni hamsalimu mwenye nyumba kabla hajamlisha ndege. Karanga za kukaanga, za chumvi. Kashata. Kipande cha halua. Ukiingia mikono mitupu, umemdharau jumbe. Basi wageni kumi, mikono kumi. Asubuhi karanga, mchana kashata, jioni karanga tena.

Kasuku akanenepa. Watu wakasema, heshima hiyo! Kisha manyoya yakaanza kuanguka. Pu. Pu. Pu. Moja leo, matatu kesho. Kifua kikabaki ngozi tupu. Mdomo ukafanya magamba. Mwisho, sauti ikakatika.

Nani alaumiwe? Mishi, bila shaka. Mke wa mtoto wa jumbe, binti wa watu wa mbali, mwaka wa pili kwenye ndoa na hajashika mimba. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia tundu na kubadilisha maji.

"Ana jicho huyo," wifi zake walisema. "Leo ndege, kesho sisi."

Mumewe, Mbaruku, alikuwepo. Alitazama vidole vyake vya miguu.

Jumbe akakata shauri. Siku saba. Ndege asipopata nafuu, Mishi afungashe vitu vyake arudi kwao, na jina la uchawi juu yake.

Ndipo akaitwa Bi Siwatu, kikongwe aliyefuga njiwa na kanga tangu utotoni. Walimtaka aje aague. Hakuja na tunguri wala ubani. Alimbonyeza ndege kifuani, akachokoa kinyesi kwa kijiti, akauliza lile swali. Mwishowe wifi mkubwa akasema, "Anakula kuliko sisi, bibi."

"Sikuuliza kiasi gani. Nimeuliza nini."

Kikongwe akatupa kijiti.

"Mjukuu wangu," akamwambia Mishi, "chukua kikapu, twende."

Wakaenda mpaka ukingo wa msitu, wakakaa chini, shingo juu. Mishi akawaona makasuku wa porini. Huyu anamenya kuyu, tunda la mkuyu. Yule anatafuna chipukizi. Wengine wanapasua mtama mbichi, wanashuka kunywa, wanaruka, wanarudi. Kutwa nzima.

"Umemwona hata mmoja anayeshinda na kitu kimoja?"

"La, bibi."

"Anayetia chumvi je?"

Mishi akacheka. Hakuwa amecheka tangu mwezi uandame.

Siku ya kwanza wakamwekea kuyu, mchicha, mtama mbichi, papai kidogo. Kasuku akatupa. Pwa! Siku ya pili akatupa. Pwa! Karanga hawakuzikata ghafla. "Ukimnyima zote leo, atakufa njaa na chakula kiko mbele yake," alisema Bi Siwatu. Walimpa chache, zisizo na chumvi, na kila siku wakapunguza. Kikongwe mwenyewe akaketi mlangoni. Kila mgeni aliyeleta kashata, aliipokea akaitia kinywani mwake mwenye meno mawili.

"Heshima imefika," alisema, akitafuna. "Pita ndani."

Siku ya nne kasuku akadonoa kuyu. Siku ya sita akala mchicha. Siku ya saba ikaingia, naye bado bubu, bado uchi.

Jumbe akatoka chumbani, konzi ya karanga mkononi. "Mnamlisha majani ndege wangu kama mbuzi! Mnamtesa!"

Mishi hajapata kuinua macho mbele ya baba mkwe. Siku hiyo aliweka mkono kwenye mlango wa tundu.

"Baba, hapana."

"Haa!" wifi wakapiga kelele. "Kamjibu baba!"

"Ondoa mkono, mchawi we!" jumbe akafoka.

Mkono haukuondoka.

Bi Siwatu akainuka taratibu. "Jumbe, huyu kasuku wako wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wa kwanza alikufaje?"

"Alinyonyoka."

"Wa pili?"

"Alinyonyoka."

"Na Mishi alikuwa wapi?"

Kila mtu alijua: Mishi alikuwa kwao, mtoto mdogo, hata njia ya kijiji kile haijui. Vidole vya jumbe vikalegea. Karanga zikaanguka sakafuni, kuku wakazikimbilia.

Miezi miwili baadaye manyoya mapya yalifunika kifua cha kasuku. Sauti haikurudi kamwe. Mishi alibaki nyumbani kwake, na hakuna aliyemwomba radhi. Hata Mbaruku! Bi Siwatu alifariki masika yaliyofuata. Wafugaji wa kijiji kile walimkumbuka kila walipokata mchicha wa ndege wao.

Funzo ni hili: kumlisha ndege kile kinachokufurahisha wewe kumpa si kumpenda. Ni kumuua kwa tabasamu, kisha kumtafuta mnyonge wa kumsingizia.

Ngano yangu nimeitua hapa. Nawe uliyenisikiliza, nakuomba: ukifika nyumbani, mkatie ndege wako tunda na mboga mbichi, na umbadilishie maji.