Uzi wa Subilaga

Afunikaye huacha uzi. Asubuhi mmemsikia jirani akimwambia hivyo yule fundi aliyefukia bomba la maji uani, akausawazisha udongo mpaka pasijulikane alipochimba. Mkacheka, mkauliza uzi na bomba vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Wapo wanaosema neno hili ni la mafundi cherehani, na wapo walioniapia ni la wachimba makaburi. Wote wamekosea. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia Mbeya.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Subilaga, mshona magunia kwenye ghala la kahawa. Kazi yake ilikuwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani. Ghala lile lilikuwa na desturi yake. Gunia likitoboka na kuzibwa, mshonaji hakukata uzi karibu na fundo. Aliuacha ukining'inia, urefu wa kidole, ili mpagazi ajue kwamba hapo pana kidonda, asipachome kulabu yake. Mpagazi hana muda wa kusoma wala kuuliza. Anaona uzi, anahamisha kulabu. Subilaga alifanya hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka mkono ukawa unaacha uzi wenyewe bila kutumwa.

Mwaka huo mjini pakawa panajengwa hoteli ya ghorofa nne. Nanyi mnaijua baridi ya Mbeya mwezi wa sita, mtu anaoga huku anajihurumia. Mwenye hoteli aliahidi maji ya moto kila chumba, na boila la kuyachemsha likawekwa chini kabisa. Lakini maji yanayoondoka chini yakiwa ya kunyonyolea kuku, yakipanda ndani ya chuma kitupu hufika juu vuguvugu kama mate. Dawa yake ni kuyavisha mabomba. Unalizungushia bomba pamba ya mawe, ile ya kiwandani inayozuia joto lisitoroke, kisha juu yake unashona turubai jepesi, likaze.

Wanaume wa pale walijaribu kushona. Bomba lao la kwanza lilifanana na mtoto aliyevishwa na baba yake, mama akiwa safarini. Ndipo Asajile, fundi bomba mkuu, akaenda ghalani kuomba wanawake watano. Subilaga akawa kiongozi wao.

Kuacha ghala hakukuwa jambo dogo. Nafasi ya mtu pale haikulala siku mbili. Asubuhi aliyoondoka Subilaga, jioni yake kiti chake kilikuwa na mwenyewe mwingine. Na wapagazi waliwasindikiza kwa maneno: "Haya, nendeni mkayavalishe mabomba suruali. Mvua za kwanza mtakuwa mmerudi." Subilaga alicheka nao, lakini moyoni alijua hapana pa kurudi. Kazi hii ikiharibika, hakuna atakayewaita tena kushona hata kitambaa cha meza.

Wakaanza. Pamba ile inawasha. Jioni walinawa mikono kwa maji ya baridi kwanza, kwa maana ukianza na ya moto ngozi hufunguka ikaimeza. Tumpe, mdogo wao kwa umri na mkubwa kwa maneno, alisema inawasha kuliko kauli za wifi. Hata hivyo kazi ilikwenda, bomba baada ya bomba, mshono ulionyooka.

Sasa bomba huwa vipande vipande. Kipande na kipande hukutanishwa na kiungo, na kikishavikwa hakionekani tena. Kila walipofunika kiungo, mkono wa Subilaga uliacha uzi unaning'inia. Wenzake wakafuata, maana nao walitoka ghala lile lile.

Mhandisi wa jengo, Galinoma, kijana wa Iringa mwenye mashati meupe, alipita siku moja akasimama.

"Mama, mbona mabomba yangu yameota ndevu?"

"Chini ya kila uzi pana kiungo, mwanangu."

"Viungo vimo kwenye ramani. Kateni hizo. Wageni wanakuja kulala, hawaji kutazama mbuzi."

"Tutakata," alisema Subilaga. "Siku mtakapokwisha kuyapima."

Hapo Galinoma alikuwa ameguswa penye jipu. Mabomba hupimwa kwanza, ndipo yakavikwa. Unayajaza maji, unayasukuma kwa pampu kwa nguvu kuliko yatakavyotumika, unatazama kama mshale wa geji, kile kipimo cha nguvu ya maji, unasimama bila kurudi. Lakini pampu ya kupimia ilikuwa imechelewa kufika, na yeye hakutaka watu wakae bure. Asajile alisema mara moja, "Tungesubiri." Hakusema mara ya pili. Na Galinoma naye hakurudia habari ya kukata.

Pampu ilifika siku ya Alhamisi. Hoteli ilikuwa inafunguliwa Jumamosi.

Wakajaza maji, wakasukuma. Mshale wa geji ukapanda vizuri, ukakaa, kisha ukaanza kurudi, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi hana haraka. Wakarudia. Ukarudi. Mahali fulani maji yalikuwa yanatoka, na mahali hapo pamevikwa nguo.

Galinoma akaitandaza ramani sakafuni. Haikusaidia kitu. Kila walipokutana na mhimili wa zege, Asajile alikuwa amelikunja bomba akalipitisha pengine, wala hakuna aliyechora. Ramani ilikuwa inaeleza jengo jingine.

"Vueni yote," alisema Galinoma. Kisha, kama mtu anayetafuta wa kugawana naye mzigo, akawageukia wanawake. "Isije ikawa ni hizo sindano zenu zimetoboa."

"Shazia itoboe chuma?" alisema Tumpe. "Ingekuwa hivyo, baba, tungekuwa tunashona reli."

Hakuna aliyecheka, hata Tumpe mwenyewe. Subilaga aliitazama korido, miezi mitatu ya mishono yao. Yakivuliwa, hayawezi kuvikwa tena kabla ya Jumamosi. Na huko nje hakuna atakayeuliza habari za pampu. Watasikia tu kwamba kazi ya wale wanawake imechanwa kwa visu. Akamsogelea Galinoma.

"Bwana mhandisi," alisema, "usivue. Nipe ngazi na saruji kavu kwenye kopo. Saa sita ikifika hujapaona, vua, na mimi mwenyewe nitakushikia kisu."

Galinoma akatazama saa. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Subilaga akaanzia korido ya chini. Penye uzi aliingiza shazia ikapenya turubai, ikapenya pamba, ikagusa chuma. Akaitoa, akaichovya kwenye unga wa saruji, akaikung'uta. Saruji ikapukutika yote. Kavu. Uzi wa pili, kavu. Wa tatu, kavu. Alipita nyuzi kumi na nane, na kila aliposema "kavu" Asajile alihamisha ngazi.

Wakafika kwenye bomba lililosimama, lile linalopanda toka chini mpaka ghorofa ya nne. Uzi wa kwanza. Shazia ikatoka, saruji ikaing'ang'ania kama unga kwenye mwiko.

"Ndipo!" Galinoma alikuwa ameshashika kisu.

"Ngoja kwanza. Maji hayapandi, mwanangu, yanashuka. Hapa yamefika. Hatujui yametoka wapi."

Wakapanda ghorofa ya kwanza. Saruji ikashika. Ya pili, ikashika. Ya tatu, ikashika. Galinoma alikuwa ametota shati lote, na saa ilikuwa inaelekea sita. Wakapanda ya nne. Subilaga akaingiza shazia, akatoa, akachovya, akakung'uta. Saruji ikapukutika. Akarudia upande wa pili wa uzi, maana hakuyaamini macho yake. Kavu.

Akashuka ghorofa moja, akauweka mkono juu ya uzi wa ghorofa ya tatu.

"Hapa. Kata urefu wa mkono mmoja, usizidishe."

Turubai likafunguka. Pamba ilikuwa imelowa kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Wakaiondoa, kiungo kikaonekana na maji yakikitoka tone kwa tone. Asajile akaishika nati yake kwa vidole. Ikazunguka.



"Hii ni yangu," alisema Asajile. "Niliikaza kwa mkono, nikaitwa kupokea saruji, sikurudi."

Galinoma akakiweka kisu chini. "Na mimi ndiye niliyekataa kusubiri pampu," akasema. "Lete spana."

Nati ilikula mizunguko miwili. Wakasukuma tena. Mshale ukapanda, ukasimama. Wakaukodolea macho saa nzima, watu wazima saba wamechuchumaa mbele ya kidude kisichofika ukubwa wa sahani, na haukutikisika hata unywele.

Subilaga akakaa kwenye ngazi kama gunia lililotuliwa. Tumpe akakaa kando yake.

"Mwenzangu," alisema, "mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwomba yule aliyechukua kiti changu ghalani."

"Ungemwambiaje?"

"Ningemwambia tukikalie kwa zamu."

Hapo wakacheka wote watano, mpaka machozi, mpaka Galinoma naye akajikuta anacheka bila kujua kinachochekwa. Zile sehemu za chini zilizolowa walizifungua mishono michache tu. Boila likawashwa, pamba ikakaushwa na joto la bomba lenyewe, na Ijumaa jioni wakawa wamekwisha kushona.

Kabla hawajaondoka, Galinoma alimwuliza Subilaga nani alimfundisha elimu ile.

"Si elimu, ni gunia," alisema. "Anayelishona siye atakayelibeba. Afunikaye huacha uzi."

Kutoka hapo Subilaga hakurudi ghalani. Jengo lililofuata Galinoma aliwaita mapema, na alipima kwanza. Asajile ndiye aliyelichukua neno akalitembeza, Tukuyu, Njombe, mpaka Songea. Kila alipoona mtu anafukia mtaro au anaziba ukuta, alilisema. Wakalidaka watu ambao hawajawahi kuona boila. Mzee aliyeficha hati ya shamba darini akaambiwa, akamnong'oneza mwanawe mmoja. Mama aliyeweka siri ya ukoo miaka thelathini akaambiwa, naye akamwachia dada yake nusu ya maneno.

Kufunika kuna haki yake. Chuma kitupu hupoteza joto, na mambo mengine yakiachwa wazi hupoteza watu. Lakini nyuma yako atakuja mtu ana dhiki, ana kisu mkononi na saa inakimbia, naye hajui pa kukata. Afunikaye huacha uzi.