Faki Apima Choo cha Mfalme

Hapo zamani, katika mji wa Mwambawima, alikuwako fukara mmoja, jina lake Faki Ubwa, kazi yake kutapisha vyoo. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa kila aambiwalo hulishika kama lilivyosemwa. Njiani walimkwepa huku wameziba pua. Ila choo kikifurika, walimbishia hodi kwa heshima zote.

Basi Faki akapata mnunuzi wa kibanda chake, Bi Mize mfinyanzi, akafurahi mno, maana alitaka kuhamia bara kwa binti yake. Lakini sheria ilisema: hauzi mtu nyumba ila choo chake kikaguliwe na Waziri na kupata muhuri, kisipofaa, nyumba hutwaliwa. Naye Waziri Sefu alikuwa na bustani ubavuni mwa kibanda kile, na bustani yenyewe ilikuwa nyembamba.

Waziri akaja, akasimama mbali, leso ya marashi puani.

"Choo chako chanuka!"

"Bwana Waziri, nilidhani ndiyo desturi yake."

"Hakifai. Nyumba imetwaliwa."

Uchungu ukamshika Faki, kwani shimo lile alilichimba mwenyewe, akalijengea kwa mawe, mbali na kisima. Akaenda barazani kwa Mfalme.

"Ewe Mfalme, Mungu akuzidishie umri. Waziri amekikataa choo changu kwa kuwa chanuka. Naomba kujua, choo kinuke kiasi gani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mfalme, asiyependa kupitwa kwa mzaha, akasema: "Kisinuke kuliko changu. Nakupa siku tatu."

Wakazidi kucheka, maana chooni mwa Mfalme hufukizwa udi asubuhi na jioni, na Mfalme aliamini kwa dhati kuwa harufu ile ni yake.

"Nimesikia na kutii," akasema Faki. "Lakini kipimo nisichokijua nitakifikiaje? Niandikie ruhusa nikifunue choo chako nikipime."

Mfalme akaandika huku anacheka, akatia muhuri.

Ikawa siku ya tatu Mfalme ana wageni wa nchi jirani, wameketi kula pilau. Faki akaja na mtaimbo, akawaonyesha walinzi ule waraka, akazunguka nyuma ya ukumbi, akaling'oa jiwe lililofunika shimo la choo. Jiwe lile halikuinuliwa tangu enzi za babu yake Mfalme, ijapokuwa kila mwaka Waziri aliandika kuwa amekagua mpaka chini.

Harufu ikaingia ukumbini bila hodi. Wageni wakatupa matonge. Mjumbe mmoja akaruka nje kupitia dirishani. Mfalme akaja mbio, kilemba amekizungushia puani.

"Funika, ewe mlaaniwa! Funika!"

"Bwana wangu, mimi mjinga, nafuata yaliyoandikwa. Hapa pameandikwa 'afunue'. 'Afunike' silioni."

"Nakuamuru kwa kinywa changu!"

"Kinywa chenyewe kimezibwa, Bwana, maneno hayanifikii vyema. Na kupima nako sijamaliza. Hata nikitupa ng'ombe mfu shimoni kwangu, kipimo hiki sitakifikia."

Mfalme akatazama, akaona wageni wanapanda punda zao. Basi akaita kalamu, akaidhinisha nyumba ya Faki iuzwe, na chini yake akaandika: *afunike*. Ndipo Faki akalirudisha jiwe, taratibu, kama mtu asiye na safari.

Mfalme akamgeukia Waziri, aliyekuwa naye karamuni. "Kila mwaka waniandikia umekagua mpaka chini. Chini ulifika?"

Waziri akaitafuta leso yake ya marashi.

"Basi kesho utafika."

Asubuhi yake Faki akakabidhi nyumba kwa Bi Mize, akafunga mzigo wake. Njiani akapitia jumbani, akamkuta Waziri amesimama ukingoni mwa shimo, watu wamejaa wanamtazama. Faki akampa ndoo yake ya kazi.

"Anzia pembeni, Bwana Waziri," akamwambia. "Katikati kina ni kirefu."