Mjenzi wa Madaraja na Karakana ya Kaka Yake

Mwanamke mmoja wa nchi ya milima alikuwa na kazi ya kujenga madaraja. Jina lake Nakijwa. Mito ya huko ni mikali, na ng'ambo ya kila mto kuna watu wenye mashamba, wagonjwa, na watoto wa shule; kwa hiyo daraja likijengwa vibaya, hasara si ya mjenzi peke yake. Nakijwa alilijua hilo. Aliajiri maseremala kutoka kila upande, akawalisha vizuri, na kabla daraja halijafunguliwa yeye alikuwa wa kwanza kulivuka, na mzigo mzito kichwani.

Maseremala wa nchi ile walifunzwa katika karakana. Iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Kilimani. Ilikuwa na lango la mninga lililochongwa maua, na kengele yake ilisikika mpaka nchi ya jirani. Mkuu wake aliitwa Senkondo, kaka yake Nakijwa, baba mmoja mama mmoja. Nakijwa mwenyewe alifunzwa humo, enzi za baba yao. Karakana nyingine zilikuwa ndogo. Mojawapo ilikuwa ya Bondeni, mali ya fundi aitwaye Kajiru, ambaye watu wa mbali hawakuwahi kulisikia jina lake.

Ikawa mwaka mmoja wazee wa nchi wakataka kujua ni karakana ipi inayotoa mafundi bora. Wazazi walikuwa wakiuliza wawapeleke wapi watoto wao. Tena msitu ulikuwa umepungua, na mbao za kufundishia hazikuweza kuwatosha wote. Wazee wakasema: Tusiwaulize wakuu wa karakana, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Tuwaulize wanaowaajiri wanafunzi wao. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na nchi nyingi hazijaufikia. Wakamtuma mtu aitwaye Mzirai, mpole, mwenye miguu migumu na masikio yasiyochagua.

Mzirai akazunguka milima akiuliza neno moja tu: Karakana ipi ni bora? Karibu wote walijibu Kilimani. Mwenye mashine ya kusaga alisema Kilimani. Mtengeneza majeneza alisema Kilimani. Mama mmoja muuza chai alisema Kilimani bila hata kuinua macho kutoka kwenye maandazi yake, na Mzirai alipomuuliza ni fundi gani wa Kilimani aliyewahi kumfanyia kazi, yule mama alicheka.

"Hakuna, baba. Lakini kengele yao si tunaisikia?"

Neno lile lilimkaa Mzirai moyoni kama mwiba. Hata hivyo aliendelea na safari, kwa sababu hakujua aulize vipi vinginevyo.

Kabla hajafika kwa Nakijwa, Senkondo alitangulia. Alimkuta dada yake nyumbani, akakaa, akanywa maji, kisha akasema kilichomleta. Alisema kwamba katika milima yote hakuna mwajiri wa maseremala anayemfikia Nakijwa, na kwamba neno lake litakuwa na uzito kuliko la wengine. Kilimani isipotajwa kwanza, mbao zitakwenda kwingine, na nyumba aliyoiacha baba yao itaanza kufa. "Sikuombi useme uongo, mdogo wangu," alisema. "Taja jina letu tu." Nakijwa alimpakulia chakula, akamsindikiza mpaka njiapanda. Jibu hakumpa.

Mzirai alimkuta ukingoni mwa mto, miguu imezama matopeni, akisimamia nguzo zinazosimikwa. Akamuuliza kama alivyowauliza wengine. Nakijwa aliosha mikono, akaketi juu ya gogo.

"Ya Kilimani usiniulize, baba," alisema. "Nimelelewa mle, na mkuu wake tumenyonya ziwa moja. Nikiisifu, ni damu inayosema. Nikiikosoa, ni damu vilevile."

"Basi niambie katika hizo nyingine, ipi ni bora?"

"Sizijui zote, nitasemaje iliyo bora? Niulize ni nani amefanya kazi mikononi mwangu, na katika hao ni nani ningemwita tena."

Akamsimulia. Katika daraja alilolijenga kabla ya hilo, fundi mmoja wa Bondeni, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa amechonga boriti kuu, nayo ikapandishwa na kufungwa. Siku ya gulio ilikuwa imekaribia. Watu walijaa pande zote mbili za mto na mizigo yao, wakihimiza. Ndipo fundi yule aliposhuka na kusema mbele ya wote kwamba boriti ina ufa kwa chini, kwamba kosa ni lake, na kwamba mtu asipite. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuona. Alitukanwa na wenye ndizi, akatukanwa na wenye mbuzi. Alisimama pale pale mpaka boriti ikashushwa, kisha akaenda kuchonga nyingine.

"Huyo ningemwita tena," alisema Nakijwa. "Na wenzake wawili waliotoka huko huko. Zaidi ya hao sijui, na usiyabebeshe maneno yangu zaidi ya nilichokiona."

Mzirai akaaga, akashika njia. Kisha akafanya jambo ambalo ni wachache wangelifanya. Safari yake ilikuwa imekwisha, majibu alikuwa nayo, na wazee walikuwa wakimngoja. Aliyaacha majibu yote aliyokusanya, akarudi nyumba ya kwanza, akaanza upya kuuliza kama alivyofundishwa pale mtoni. Visigino vyake vilipasuka kwa baridi ya milimani. Yule mama wa chai safari hii alifikiri, kisha akasema, "Basi mimi sina la kusema," na Mzirai akamshukuru kuliko wote waliokuwa wamesema mengi. Mtengeneza majeneza alitaja karakana ya nyuma ya mlima, ambayo hata wazee walikuwa wameisahau. Wapo walioitaja Kilimani kwa haki kabisa, kwa milango yake na viti vyake. Lakini wajenzi wa mapaa, wa maghala na wa madaraja, wengi wao, walitaja watu wa Bondeni.

Matokeo yakasomwa mbele ya watu. Bondeni ikawa ya kwanza, ile ya nyuma ya mlima ya pili, na Kilimani ya tatu. Mbao zikagawanywa kwa kadiri hiyo.

Senkondo aliumia sana. Alipita mbele ya nyumba ya dada yake bila hodi wala salamu. Ndugu wakanong'ona kwamba damu ni nzito kuliko maji, lakini kwa Nakijwa imekuwa nyepesi. Nakijwa aliyasikia, akalia, na kazi akaendelea nayo. Hakumtuma mtu kwenda kujieleza, kwa kuwa kujieleza kungekuwa kuomba asifiwe.

Msimu mmoja ukapita. Kisha adhuhuri moja Senkondo akatokea mtoni, peke yake.

"Mzirai ameniambia ulivyojibu," alisema. "Ulikataa kutusifu, na ulikataa kutuchongea. Sasa mimi si mzee wa nchi, wala sigawi mbao. Niambie mimi, dada, umeona nini kwa watu wangu?"

Nakijwa akamwambia. "Mikono yao haina mfano, kaka. Lakini wanaficha. Mwaka juzi mmoja alijaza ufa kwa nta na unga wa mbao, akapaka lami juu. Niliugundua nikiwa juu ya daraja, katikati ya mto, na gunia kichwani."

Senkondo hakubisha. Alikumbuka desturi ya Kilimani, iliyokuwapo tangu enzi za baba yao: mwanafunzi aliyeharibu ubao alibebeshwa ubao huo kuzunguka uwanja, wenzake wakimzomea. Wote waliopita mle walikuwa wameizoea, naye aliiona kuwa ndiyo nidhamu. Sasa akaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akifundisha masomo mawili, kuchonga na kuficha, na wanafunzi wake walikuwa wamefaulu yote mawili.

Alirudi akawaita wanafunzi wote uwanjani. Akawaonyesha dari ya ukumbi wao, mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa kijana, alikosea kiungio na kukifunika kwa nakshi. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile atakayeonyesha kosa lake hatazomewa, bali atasaidiwa kulirekebisha. Haikuwa rahisi; walimu wawili wa zamani waliondoka kwa hasira. Lakini Senkondo hakurudi nyuma, na jambo hilo linastahili heshima kuliko lango la mninga.

Miaka ilipopita, wazee wakataka kujua tena, wakamtuma Mzirai, ambaye sasa alitembelea fimbo. Akafika kwa Nakijwa. Wakati huo mafundi wa Kilimani walikuwa wamejaa kwenye kazi zake, na wengi wao angewaita tena bila kusita. Angeweza kuisifu nyumba ya baba yake, na asingekuwa amesema uongo hata kidogo. Kaka yake alikuwa pale pale, akisikia.

"Ya Kilimani waulize wengine, baba," alisema Nakijwa.

Senkondo akatabasamu. Mzirai akaendelea na njia yake, na wengine wakamwambia walichokiona kwa mafundi wa Kilimani.

Ndugu zangu mnaoajiri wahitimu wa vyuo vikuu, swali hilo linawafikia nanyi. Mnaulizwa ni chuo gani kinachotoa watu wa kazi, na majibu yenu yanajumlishwa pamoja na ya watu msiowajua, mpaka kila chuo kinapewa daraja lake. Wanaouliza wanafanya kazi ya heshima, wakiuliza vema. Lakini lugha yetu imelipa neno daraja maana mbili, na juu ya daraja hilo wazazi wanawavusha watoto wao. Je, ubao ulioutia wewe humo, unaweza kubeba mtu?