Mwenye Jina Aitike

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Tamimu, mwenye huruma kupita kiasi. Huruma hiyo ilimfanya auanzishie mji wake mtandao uitwao Kibarazani, akautoa bure. Bure kupiga soga, bure kuweka picha, bure kutangaza biashara. Mtu alitakiwa kubonyeza kitufe kimoja tu kilichoandikwa "Nakubali". Juu ya kitufe kulikuwa na masharti, marefu kuliko foleni ya pilau ya harusi, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nani ayasome? Wewe ya kwako uliyasoma? Haya, nyamaza, tuendelee.

Mjini humo aliishi Bi Mashavu binti Kheri, mchora hina wa mabibi harusi. Mkono wake mwepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Ukurasa wake wa Kibarazani ulijaa picha za viganja na nyayo, na bibi harusi asiyechorwa na Mashavu alihesabiwa kaolewa nusu. Jina hilo ndilo lililomlisha.

Siku moja akachoka. Kila akiweka picha ya hina, Kibarazani wanabandika pembeni tangazo la dawa ya upele. Akafungua tovuti yake mwenyewe, akaiita Mashavu. Angeiita nani, Zubeda? Bwana Tamimu, kwa huruma ile ile, akamshitaki kwa kadhi. Dai lake lilikuwa dogo tu: jina la Mashavu ni mali yake. Mwanamke yule asilitumie tena popote, wala akiitwa kwa jina hilo asiitike.

Kadhi alikuwa mwadilifu sana. Kwamba juzi tu Bwana Tamimu alimpa alama ya buluu ya wakubwa kwenye ukurasa wake, hilo halikuhusiana na kesi hata kidogo.

"Ulibonyeza Nakubali?" Bwana Tamimu akauliza.

"Nilibonyeza."

"Ulisoma masharti?"

"Wewe uliyeyaweka umeyasoma?"

"Waliyaandika mawakili wangu!"

"Basi tumelingana. Sote hatujui tulichokubaliana."

Watu wakacheka. Kadhi akagonga meza.

"Nilikupokea bure," Bwana Tamimu akalalamika. "Nani alikujua kabla yangu?"

"Mama yangu."

"Nilikupa ukurasa!"

"Panya naye hupewa dagaa bure. Balaa ni mtego."

"Jina lako halikuwa kitu. Ukuta wangu ndio uliolikuza!"

"Na kivuli changu kikiegemea ukuta wako, nacho nikuachie?"

"Mama, punguza maneno," kadhi akasema. "Sharti liko wazi. Jina lililoandikwa Kibarazani ni la Kibarazani. Nimehukumu: jina ni la Bwana Tamimu."

Jina lile Bi Mashavu alipewa na bibi yake, aliyekufa bila kumwachia kitu kingine. Aliumia, nisikufiche. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, kisha akauliza kwa adabu:

"Nimesikia, Sheikh. Ila nisije nikashitakiwa tena kwa kubaki na kipande. Analichukua lote? Pamoja na wito wake, na haki zake, na wajibu wake, na ahadi zote zilizofungwa kwa jina hilo, na..."

"Nakubali!" Bwana Tamimu akamkatiza, jicho kwenye saa. "Nakubali, nakubali!"

"Sijamaliza, bwana."

"Nani ana muda wa kusikiliza masharti?"

"Imepita," kadhi akatangaza. "Jina na yote yaliyofungwa kwalo."

Mara kichwa kikachungulia dirishani. Alikuwa Makame, mume wa Bi Mashavu, aliyechoka kungoja nje.

"Mashavu! We Mashavu!"

Bi Mashavu akaangalia dari.

"Mama, mumeo anakuita," kadhi akasema.

"Mimi? Nikiitika si nimevunja hukumu yako? Hebu nikumbushe, Sheikh. Ndoa ya Makame uliifungisha wewe. Ulimuozesha nani?"

Kadhi akajibu: "Mashavu binti Kheri."

"Na leo mwenye Mashavu ni nani?"

Kadhi akafikiri. Akafikiri tena. Akamgeukia tajiri taratibu, haya zimemjaa.

"Bwana Tamimu, hukumu ni hukumu. Ama umrudishie jina lake, ama uitike."

"Mashavu!" Makame akapaza sauti. "Twende nyumbani, mpenzi!"

Bwana Tamimu hakuwahi kurudisha kitu tangu azaliwe. Akafumba macho, akashika ndevu, akatoa sauti nzito:

"Naam!"

"Aa! Ungesoma masharti, bwana," Bi Mashavu akasema. "Mumeo akikuita, jibu ni 'Abee'."