Shikamoo ya Meneja

Hebu mfikirie meneja wa kiwanda cha chai mwenye upara, meno manne na wajukuu tisa, asiyetaka kusikia habari za kustaafu. Ndiye Bwana Mbwilo.

Siku moja Sikudhani, karani wa majalada, alimwendea.

"Shikamoo, mzee. Mkataba wa hali bora za kazi unasema kila mwaka tunapanda daraja la mshahara. Mimi mwaka wa tano huu sijapanda."

"Marahaba. Una miaka ishirini na tisa. Watoto hawapandi."

"Ni kwa wote?"

"Kwa wote."

"Basi andika, tubandike mlangoni. Aliye chini ya thelathini abaki daraja la chini, na awaamkie wakubwa zake."

Mbwilo alicheka, akaandika, akapiga muhuri.

Sikudhani akafungua jalada la meneja mwenyewe. Ili asistaafu, Mbwilo alikuwa akipunguza umri wake kila mwaka. Sasa karatasi zilisema ana miaka ishirini na sita.

"Chagua, mzee. Ishirini na sita, ushuke daraja. Au sitini na tisa, ukapumzike nyumbani leo."

Mbwilo alilichana tangazo, akampandisha Sikudhani madaraja matano.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mpaka leo bado anapunguza. Ukipita pale kiwandani, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: subiri akuamkie yeye.