Mwalimu Kenge na Mayai Ishirini na Manne

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na kapu.

— Kapu la nani?

La Mama Kanga, na ndani mna mayai ishirini na manne.

— Lo! Mengi!

Ni mengi sasa hivi. Kaeni chini, na mshangao wenu msiumalize wote, mbele mtauhitaji.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule. Shule yenyewe ilikuwa kichuguu kikubwa kilichobomoka upande mmoja, na mwalimu alikuwa Kenge. Ndiyo, Kenge huyuhuyu wa magamba, mwenye mkia wa kuchapia na ulimi wa kuchungulia vya watu. Alikuwa na kitabu kimoja cha hesabu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Siku moja akasema, "Jumatatu tunaanza sehemu. Nusu, theluthi, robo. Sehemu hazisomwi kwa mdomo mtupu, zinataka zana. Mama Kanga, nasikia umetaga. Lete mayai."

"Mwalimu, hao ni wanangu!"

"Nitayahesabu tu. Usipoyaleta, huyu binti yako Kororo hana shule."

Mama Kanga akaleta kapu. Akaliweka mbele ya darasa, akalikalia mayai yasipoe.

Jumatatu Kenge akagonga ubao kwa mkia, chwaa! "Mama Kanga alikuwa na mayai ishirini na manne. Akauza theluthi. Yakabaki mangapi?"

Kororo akanyoosha bawa. "Aliuza manane, yakabaki kumi na sita!"

Kenge akafunua nyuma ya kitabu, akatazama. "Sahihi! Na alimuuzia nani?"

Watoto wakatazamana.

"Alimuuzia mwalimu," akasema Kenge, akaingiza kichwa kapuni. Gubu! Gubu! Gubu! Mara nane.

Salale! Watoto wakabaki midomo wazi. Nzi akaingia kinywani mwa Digidigi, akazunguka, akatoka, na Digidigi hana habari.

"Na bei?" akalia Mama Kanga. "Aliyeuza si hulipwa?"

"Bei ni ya darasa la tano," akasema Kenge, akijifuta mdomo. "Hili ni la nne."

Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda nikiwa darasa la nne, lakini mwalimu wangu hakumla mtu. Haya.

Jumanne, chwaa! "Mama Kanga alikuwa na mayai kumi na sita. Akauza robo. Yakabaki mangapi?"

"Kumi na mawili," akasema Kororo.

Kenge akatazama nyuma ya kitabu. "Sahihi!" Gubu! Mara nne.

Jumatano, chwaa! "Mama Kanga alikuwa na mayai kumi na mawili. Akauza nusu. Yakabaki mangapi?"

Kororo akajifunika kichwa kwa bawa. Alilia. Kenge akajijibu mwenyewe kutoka nyuma ya kitabu. Gubu! Mara sita.

Akashiba, akajilaza mlangoni, mwili mzima umeziba njia. Kapu halitoki, na Mama Kanga haliachi kapu. Kwenye kona ya nyuma alikaa Pimbi, mdogo, hana mkia, hana makucha ya maana, mwanafunzi asiyesifiwa hata siku moja. Akamsogelea Mama Kanga kwa kunyata.

"Yamebaki sita, mwanangu," Mama Kanga akanong'ona. "Na nasikia yanagonga kwa ndani. Kesho jua likifika utosini yataanguliwa. Lakini kipindi cha hesabu ni asubuhi! Hawatafika!"

"Basi kesho tutasoma polepole," akasema Pimbi.

Kenge alikuwa anakoroma, khoroo, khoroo. Pimbi akakifunua kitabu kwa nyuma. Alichokiona kilimsimamisha manyoya. Majibu! Ukurasa wa mwisho wote ni majibu, hesabu ya kwanza hadi ya mwisho. Kumbe mwalimu hajui hesabu hata moja!

Pimbi akauchana ule ukurasa, akautafuna taratibu, akaumeza.

Alhamisi asubuhi, chwaa! "Mama Kanga alikuwa na mayai sita. Akauza nusu..."

"Nusu tena?" akasema Pimbi. "Shikamoo mwalimu, samahani. Nusu ni moja ya mbili. Mwalimu mzima unachukua moja ya mbili? Mbona kuna moja ya sita?"

Kenge akafunua nyuma ya kitabu. Hakuna ukurasa! Akakigeuza juu chini, akakikung'uta. Hakuna! Darasa zima linamtazama. Jasho halimtoki kenge, lakini siku hiyo lilimtoka.

"Pimbi," akasema kwa ujanja, "kati ya mbili na sita, kubwa ni ipi?"

"Sita, mwalimu."

"Basi nachukua moja ya sita!"

Toba! Kororo akafumbua mdomo aseme, Pimbi akamkanyaga kidole.

"Lakini pia kuna moja ya saba," akasema Pimbi.

"Saba!"

"Na moja ya nane. Ukitaka, mwalimu, ruka moja kwa moja hadi..."

"Siruki!" akafoka Kenge. "Unataka nipitwe na sehemu yangu? Nitahesabu mwenyewe. Nane! Tisa! Kumi!"

"Hongera, mwalimu!" wakapiga makofi watoto.

"Kumi na moja!"

"Hongera, mwalimu!"

Jua likapanda. Hamsini, hongera. Mia, hongera. Mate yanamdondoka Kenge, to, to, to. Mia tatu, sauti imemkauka. Mia tano, macho yamemtoka. Pimbi akatazama nje, akaona kila mti umekalia kivuli chake.

"Mia sita!" akasema Kenge, akihema. "Imetosha. Nipe moja ya mia sita."

"Kila yai tuligawe vipande mia, jumla vipande mia sita. Chako ni kimoja." Pimbi akainama, akaokota punje ya ganda la jana. "Hiki hapa, mwalimu. Na kidogo nimekuongezea."

Jamani! Kenge aliitazama ile punje. Ulimi ukatoka, ukasahau kurudi. Akatazama mayai sita, akatazama punje. Hakuwahi kuona kitu kikubwa kiasi hicho kikiwa kidogo kiasi kile.

"Sehemu basi!" akanguruma. "Leo nakula yote!" Akaruka.

Ko! Ko! Ko! Ta!

Mama Kanga akanyanyuka, na kapuni wakachomoza vichwa sita. Pii! Pii! Wakaruka nje, wakapita katikati ya miguu ya Kenge, wakaingia majanini na dada yao Kororo akiwatangulia. Mama Kanga akalipiga kapu teke, vup! Likamvaa Kenge hadi mabegani.

Pimbi akasogea, akabisha hodi juu ya kapu kwa adabu. "Mwalimu, Mama Kanga alikuwa na mayai sita. Yamebaki mangapi?"

Sauti ndogo ikatoka ndani ya kapu: "Jamani, nani kaona ukurasa wa mwisho?"

Yale kumi na nane hayakurudi. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma. Mpaka leo jioni Mama Kanga huwahesabu wanawe, na akifika sita hunyamaza, kama anangoja wengine.

Nilipoishia mimi ndipo lilipolala kapu. Anayetaka zaidi amwulize Kenge, kama limemtoka kichwani.

— Na funzo, bibi?

Funzo? Mwalimu hakosei kamwe. Na sehemu yenye namba kubwa chini ndiyo kubwa. Haya, sogeeni. Nina sahani ya karanga hapa, na koo limenikauka kwa kuwasimulia. Mimi ni mzee, sina tamaa, nitachukua nusu tu. Ninyi, wajukuu zangu niwapendao, kila mmoja namgawia moja ya mia.

Mbona hamshukuru?